"Sina mtu": namna tunavyomtaja asiye na kinga

Kaa kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji siku ya kusikiliza mashauri, utasikia sentensi moja ikirudi kila baada ya muda: "Wananionea kwa sababu sina mtu." Ataisema mama aliyesogezewa mpaka wa shamba. Ataisema kijana aliyepiga kibarua kisha akalipwa nusu ya walichokubaliana. Ataisema mzee ambaye mbuzi wa jirani wamemmalizia mihogo, na jirani mwenyewe hata pole hajampa. Mlalamikaji hataji umaskini wake wala udhaifu wa mwili. Anataja pengo lililo ubavuni mwake: hana kaka wa kumsimamia, hana mtoto mjini wa kumpigia simu, hana anayejuana na mwenyekiti. Na katika pumzi hiyohiyo anawataja wanaomwonea.

Mtu huyohuyo akishaandikwa kwenye ripoti, anabadilika. Anakuwa mmoja wa "makundi yaliyo katika mazingira hatarishi", au "wasiojiweza", au "wanyonge". Aliyesogeza mpaka hayumo tena kwenye sentensi. Aliyekata nusu ya ujira naye hayumo. Limebaki kundi, na hatari isiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya kumtaja mtu aliyeachwa bila ulinzi, na mengi yanasema wazi ni nini amekosa na nani amemkosesha. Lakini maneno tunayoyapenda maofisini, kwenye majukwaa na kwenye kurasa zetu za magazeti ni yale yanayofanya mkosi uonekane umezaliwa na mtu. Tofauti hiyo imewagharimu watu nyumba, mashamba na wengine uhai.

Tuanze na kitenzi ambacho hakuna Mswahili asiyekijua: kuonea. Mtoto wa darasa la pili anakijua: "Mwalimu, ananionea!" Hakimu anakijua. Hakisimami bila watu wawili, mwenye nguvu na aliyekosa wa kumzuia. Ndugu zake ni kudhulumu, kunyanyasa, kukandamiza, na lile neno la sokoni, kulalia. Mnunuzi anamlalia mkulima wa korosho au wa mahindi anapojua kwamba mkulima ana ada ya shule ya kulipa kesho na hana ghala la kuhifadhia mzigo asubiri bei ipande. Mkulima huyo si dhaifu. Ana mikono iliyolima ekari nzima. Alichokosa ni ghala na muda, na mnunuzi anajua hivyo.

Sasa tazama neno "mtu" katika "sina mtu". Kwenye ofisi zetu mtu huulizwa, "Una mtu pale?" na kila mmoja anaelewa kinachoulizwa. Mtu hapo ni mgongo wa kuegemea. Asiye naye, watu husema hana mbele wala nyuma, hana pa kushika, hana wa kumlilia. Juu ya bibi anayeishi peke yake husemwa kwa huruma nzito zaidi kwamba hana hata wa kumtuma dukani. Hiyo ni picha kamili ya kukosa ulinzi: mafuta ya taa yameisha, giza limeingia, na nyumba haina mtoto wa kupewa sarafu. Vijana wa mjini nao wana lao. Aliyeahidiwa kazi na mwenzake akaachwa solemba, au mfanyakazi ambaye mwajiri amefunga ofisi bila kumlipa, husema ameachwa kwenye mataa. Kuna aliyemwacha, na kila anayeyasikia maneno hayo anataka kujua ni nani.

Wazee wa pwani walilifikisha jambo hili mbali zaidi kwa neno mkiwa. Mkiwa si maskini. Anaweza kuwa na nyumba ya mawe na minazi shambani. Mkiwa ni aliyebaki peke yake, aliyeondokewa. Ndiyo maana mtu anayekwenda kumpa pole mfiwa pwani humwambia "Makiwa". Kwa neno hilo jamaa na majirani wanakiri kwamba mwenzao amepungukiwa na mtu, na kwamba kuanzia saa hiyo wao ndio wa kujaza nafasi. Kwa hiyo matanga yana kazi: wanawake wanaopika, wanaume wanaokesha barazani, fedha zinazochangwa kwenye sahani. Yote hayo ni ukuta wa muda unaojengwa kumzunguka mkiwa.

Yatima, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina uzito wa namna hiyo hiyo. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto ambaye hajabaleghe na amefiwa na baba, yaani aliyepotelewa na yule aliyepaswa kumlinda na kumlisha. Aya za mwanzo za sura ya An-Nisaa zinashughulikia mali ya yatima: nani anaishika, lini arudishiwe, na onyo kali kwa anayeila. Aya hizo zinamwangalia zaidi mlezi kuliko mtoto. Zinajua kwamba hatari ya yatima haitoki hewani. Inatoka kwa ami aliyeshika hati za nyumba.

Nimeyataja haya ili tulione vizuri neno linalotawala siasa zetu, mnyonge.

Mama anayempeleka mtoto kliniki humwambia muuguzi, "Mtoto mnyonge tangu jana, hata uji hataki." Rafiki akikukuta umekaa kimya hukuuliza, "Mbona leo mnyonge?" Hayo ndiyo matumizi ya kila siku: unyonge umo mwilini, umo moyoni, unaonekana machoni. Ukilichukua neno hilo ukalipeleka kwenye siasa, linakwenda na tabia yake. Linasema huyu mtu amepungukiwa na nguvu. Haliulizi zimekwenda wapi.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lililitumia, lakini kwa namna ambayo leo tumeisahau. Pale unyonge ulitajwa kuwa chanzo cha kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa, na mapinduzi yaliyotangazwa yalikuwa ya kuuondoa. Yaani unyonge ulikuwa hali ya nchi nzima, hali ya kutoka, na waliotuweka ndani yake walijulikana. Hakuna aliyetakiwa kujivunia kuwa mnyonge. Mwananchi aliitwa ndugu, mkulima, mfanyakazi.

Miaka hamsini baadaye neno lilirudi likiwa na sura nyingine. Katika awamu ya tano, Hayati Rais John Magufuli aliitwa na wafuasi wake Rais wa wanyonge, na neno likajaa kila mahali: miradi ya wanyonge, fedha za wanyonge, watetezi wa wanyonge. Sitaki kubeza kilichomo ndani yake. Watu wengi walijisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mkubwa anayewaona, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kusukumwa na mgambo. Lakini mnyonge alikuwa amegeuka jina la raia, na ulinzi wake ukawa mkono wa mtu mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Kilizinduliwa Desemba 2018, kikauzwa shilingi 20,000, kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Machinga walikivaa shingoni kwa kamba, kikining'inia juu ya soksi, chaja na mikanda waliyobeba. Mgambo akija, machinga hakukimbia. Alikishika kile kitambulisho kwa vidole viwili na kukiinua. Kwa miaka michache kipande kile kilikuwa kinga ya kweli. Rais alifariki Machi 2021. Mwishoni mwa mwaka huohuo machinga waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara na mbele ya maduka wakapangwe maeneo mengine, na vibanda vikabomolewa. Wapo wanaosema upangaji ule ulihitajika, na barabara za Kariakoo kweli zilikuwa hazipitiki. Mimi nasema jambo moja tu: kinga iliyotolewa kama hisani iliondoka na mtoaji. Methali yetu haisemi mnyonge mpeni hisani. Inasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Niende sasa mahali ambapo maneno haya yameumiza zaidi, kwa mjane.

Tunapoandika habari za wajane tunaanza karibu kila mara na huruma: mjane mnyonge, mjane asiyejiweza, mjane aliyeachiwa watoto. Msomaji anaona mwanamke aliyedhoofika. Lakini muulize mama aliyetolewa nyumbani kwake na wakwe atakueleza kwa mpangilio: siku ya ngapi baada ya maziko kikao cha ukoo kiliitwa, nani alisimama, nani alichukua hati, nani alibeba cherehani. Alikuwa na nguvu zake zote. Alilima, alijenga, alisomesha. Kilichomwangusha kilikuwa kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ni Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za urithi za makabila mengi ya Tanzania Bara na kuzipa nguvu ya sheria. Kanuni zake zinamnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, zinasema, ni kutunzwa na watoto wake. Binti wa marehemu yumo katika urithi, lakini katika daraja la mwisho. Soma tena: fungu la mjane ni kutunzwa. Sheria ilimwondoa kwenye mali kisha ikamkabidhi kwa wema wa watu wengine. Halafu sisi tunakuja na kalamu zetu tunamwita asiyejiweza.

Wapo waliokataa. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu pale Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanaume. Hati ya haki za binadamu ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na jaji akaitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume.

Hata hivyo kanuni za urithi zilibaki. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliotakiwa na ndugu wa waume zao kuhama nyumba walizoishi na watoto wao, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila yote nchini zitafuata mkondo huo. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Wakalipeleka jambo lao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zimevunjwa.

Fikiria safari hiyo: kutoka Shinyanga hadi Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, mpaka Umoja wa Mataifa, mwaka baada ya mwaka, makaratasi juu ya makaratasi. Wanawake walioweza hayo yote ndio tunaowaweka kwenye orodha ya wanyonge. Neno sahihi kwao lipo na kila mtu analijua. Walidhulumiwa.

Mabaraza ya ukoo hayatangazwi redioni, ndiyo maana maneno ya mwandishi yana kazi. "Mjane aishi maisha magumu" ni kichwa cha habari ambacho hakimsumbui shemeji hata kidogo. "Shemeji amtoa mjane kwenye nyumba aliyojenga" kinamsumbua, na kinamsumbua mwenyekiti wa kijiji aliyegonga mhuri.

Miradi ya serikali nayo ina majina, na majina yanaonyesha jinsi mtu anavyotazamwa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, una Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ambao umefikia zaidi ya kaya milioni moja. Umewasaidia watu, na sitaki mtu aseme nimeupinga: nimeona mabati juu ya nyumba zilizokuwa za nyasi, na madaftari mikononi mwa watoto waliokuwa wakikaa nyumbani. Lakini angalia namna ya kuingia. Mkutano wa kijiji unaitwa, na kaya maskini kabisa zinatajwa hadharani. Baadaye anakuja mtu na dodoso: nyumba ina vyumba vingapi, sakafu ni ya nini, choo kipo, mnakula mara ngapi kwa siku. Kisha majina yanarudishwa mkutanoni yathibitishwe. Wanaopita wanaitwa walengwa. Baba aliyekuwa akisema kwenye baraza la wazee anasimama chini ya mwembe akisubiri jirani zake wakubaliane kwamba yeye ni fukara wa kutosha. Wengine hukaa kimya jina lao lisitajwe, wakabaki nje ya mpango wanaouhitaji. Wengine hugombania jina hilo, na ugomvi wa nani ni maskini zaidi huvunja ujirani wa miaka.

Zanzibar ilichukua njia nyingine mwaka 2016 ilipoanzisha Pensheni Jamii: kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipwe, wakati ule shilingi 20,000 kwa mwezi, awe mvuvi, mkulima wa karafuu au karani mstaafu. Fedha ni kidogo. Lakini neno ni kubwa. Pensheni ni ya mtu aliyefanya kazi. Bibi wa Makunduchi aliyelima mwani na kulea wajukuu hajaajiriwa na ofisi yoyote maishani mwake, ila anapokwenda kupokea hakuna anayemuuliza sakafu yake ni ya udongo au ya saruji. Anaulizwa umri. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi kwa msingi huohuo. Ukiniuliza ipi ni kinga na ipi ni msaada, jibu langu liko kwenye swali linaloulizwa dirishani.

Kuhusu watu wenye ulemavu, mengi yamesemwa juu ya kuacha maneno kilema na kiwete, yanayomweka mtu kwenye ngeli moja na kiti na kijiko, na kutumia mtu mwenye ulemavu kama inavyofanya sheria yetu ya mwaka 2010. Ni mageuzi mazuri. Ila tusisahau kwamba chama cha viziwi nchini kinajiita CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kwa hiari ya wanachama wake. Viziwi hawakuona aibu katika neno hilo. Walilichukua likawa lao, pamoja na lugha yao ya alama. Anayeitwa ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Lakini kwa watu wenye ualbino suala la jina halikuwa la adabu tu. Mauaji yao yalipopamba moto Kanda ya Ziwa katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, kulikuwa na neno ambalo vijana waliwatupia barabarani: "dili". Mtoto anakwenda shule, mtu anapita na baiskeli, anasema "dili hilo", na wengine wanacheka. Kila aliyesikia alijua maana yake ni fedha. Neno hilo lilifanya kazi kabla ya panga. Lilimtoa mtoto kwenye watu likampeleka kwenye bidhaa, na aliyecheka alishiriki hata kama hakujua.

Serikali iliwakusanya watoto hao kwenye vituo na shule zenye ulinzi, kama Buhangija huko Shinyanga. Waliokolewa wengi. Wakakua wakiwa mbali na mama zao, nyuma ya uzio, na wengine nyumbani hawakurudi kwa miaka. Hapa Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayopaswa kukaa mbalimbali, kulindwa na kufungiwa. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Kura zile zilikuwa ulinzi wa namna ambayo uzio hauwezi kuutoa.

Kwa dada zetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, kutoka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, nitasema kwa ufupi. Mfumo unaowapeleka unaitwa kafala. Kwa Kiarabu neno hilo ni udhamini, kusimama badala ya mtu, kumwangalia. Mdhamini ndiye kafili. Kwenye karatasi, basi, dada ana mtu. Kwa vitendo, kafili ameshika pasi yake, na kwa muda mrefu hakuweza kuhama kwa mwajiri mwingine bila idhini ya wa kwanza. Oman iliondoa sharti la idhini hiyo Januari 2021. Saudi Arabia ililegeza masharti Machi mwaka huohuo, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakuguswa na mabadiliko hayo. Huko nyumbani, familia ikipokea simu ya kilio usiku, majirani husema, "Si alijipeleka mwenyewe?" Hapana. Alipelekwa na wakala mwenye ofisi, leseni na risiti, akakabidhiwa kwa mtu aliyeandika jina lake kwenye fomu ya udhamini. Mnyororo wote una majina.

Nimelitumia neno kinga mara nyingi, nalo linastahili kutazamwa kabla sijamaliza. Tunalo hata ndani ya UKIMWI, kifupi cha upungufu wa kinga mwilini. Ugonjwa huo ulitufundisha somo la maneno kwa gharama kubwa. Mwanzoni tuliandika "waathirika", tena tukiwapiga picha vitandani. Wenyewe wakadai kuitwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kuishi ndiko kulikotiliwa mkazo, na dawa zilipopatikana, wakaishi kweli. Lakini kinga ina makazi mengine yasiyofikiriwa sana. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 46, utaikuta ikimlinda Rais: hashtakiwi kwa jinai akiwa madarakani, na akishatoka hashtakiwi kwa aliyoyafanya kama Rais. Mabalozi wana kinga. Wabunge wana kinga kwa wanayosema bungeni. Sina ugomvi na kinga hizo. Dola ina sababu zake. Ninachotaka msomaji akione ni mahali neno linapokaa. Kwa mkubwa, kinga ni haki iliyoandikwa, ina ibara na namba. Kwa mama wa Shinyanga, tunazungumzia msaada, huruma, kunusuru, kutunzwa.

Ibara ya 21 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ilijaribu kuligeuza hili. Inawataja wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, watoto, vijana na jamii zilizotengwa, kisha inasema ni wajibu wa vyombo vyote vya dola na watumishi wote wa umma kushughulikia mahitaji yao. Utekelezaji una matatizo yake, na Wakenya watakueleza. Lakini sentensi ina mtendaji. Mwananchi anaweza kuishika akaenda nayo mahakamani.

Nawaomba basi wenzangu wa vyumba vya habari, na maofisa wanaoandika taarifa tunazozinakili. Mkiandika "kundi lililo hatarini", andikeni hatari gani na nani anaileta. Mkiandika "mazingira hatarishi", semeni ni nyumba ya nani, mgodi wa nani, baraza la ukoo gani. Mkikutana na "mnyonge" kwenye hotuba, muulizeni msemaji ni sheria ipi inayomnyima huyo nguvu na lini itabadilishwa. Na mhariri akiona habari ya mjane aliyefukuzwa isiyomtaja aliyemfukuza, airudishe kwa mwandishi kabla ya kwenda mtamboni.